Posa Iliyoganda

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Loyce amefungua mdomo.

Wiki nzima amekaa hivyo, maskini, mdomo wazi mbele ya kompyuta, huku wazee wa pande mbili wakimsubiri Kasulu. Kama kuna msomaji aliyelala usingizi mzuri siku zote hizo, na ajitafakari.

Kwa waliochelewa kununua gazeti: Loyce binti Ildefonsi anasomea usimamizi wa maji huko Ujerumani, katika mji mdogo wa Auenburg, wenye chuo kimoja, mto mmoja, na bata maji wengi kuliko watu. Ni Desemba 2014. Wanafunzi wenzake wamekwenda kwao kula sikukuu, na bweni zima amebaki yeye. Siku hiyohiyo, nyumbani kwao Kasulu, washenga wametoka Kibondo kumposea Gasper, tabibu, kijana aliyesoma naye kidato cha sita. Kwa kuwa binti yuko mbali, wazee wamekubali aulizwe kwa kompyuta.

Na jembe liko mkekani.

Kwa ukoo wa Mzee Ildefonsi, posa ni jembe. Washenga wanalilaza juu ya mkeka. Baba akiliinua, binti ameolewa, na yanayobaki ni kula tu. Ila kabla hajaliinua, sharti binti aulizwe mbele ya watu.

"Loyce, mwanangu," Mzee Ildefonsi alikuwa amesema, akiinamia kompyuta kama mtu anayechungulia kisima. "Wageni hawa wamesema yao. Tuwapokee, tusiwapokee?"

Hapo ndipo Loyce alipofungua mdomo.

"Baba, naomba muda."

Maneno matatu. Aliyasema yote, vizuri, kichwa kimeinama, macho chini, kama alivyolelewa.

Hakuna aliyeyasikia.

Mvua ilikuwa imefika kwenye vilima vya Kasulu, na mvua ikifika huko, mtandao ndio wa kwanza kukimbia. Picha ya Loyce ikaganda palepale, kichwa kimeinama, macho chini, mdomo umeshafumbwa. Sauti yake ikapotea njiani. Lakini sauti za Kasulu, kwa ukatili wa mitambo, zikaendelea kumfikia yeye.

"Mmeona?" Ilikuwa sauti ya shangazi Yusta. "Mmeona alivyoinama?"

"Baba!" akapiga kelele Loyce. "Baba, mnanisikia?"

"Hata hapepesi macho," akasema mshenga wa Kibondo kwa heshima kubwa, kisha akakohoa.

"Mtandao umeganda! Esteri! Esteri, waambie!"

Esteri ni mdogo wake, na ndiye pekee katika boma lile aliyejua kompyuta inaliwa vipi. Alikuwa ameiwasha, akachomeka modemu, kisha akaambiwa aondoke mbele ya wazee akapange sahani.

"Mabinti wa siku hizi wanajibu kama makarani wa stendi," akaendelea mshenga. "Huyu yuko Ulaya na bado ananyamaza. Ananyamaza kabisa!"

"Binti wa ukoo huu akiulizwa akanyamaza, amekubali," akatangaza baba mkubwa Reverien, kaka yake Mzee Ildefonsi na msemaji wa ukoo, mtu ambaye hajawahi kutangaza jambo kwa sauti ndogo. "Angekuwa hataki, mdomo anao. Tumeelewana?"

Wakaelewana.

Vigelegele vikapasuka kwenye vispika vidogo vya kompyuta. Vikajaza chumba, vikatoka mlangoni, vikakimbia kwenye korido ndefu yenye milango iliyofungwa, na vilipokosa mtu wa kuvipokea vikarudi kwa Loyce.

Kisha mawasiliano yakakatika, na kompyuta ikamuuliza kwa upole: ubora wa sauti ulikuwaje? Tafadhali weka nyota.

*

Alikuwa amevaa blauzi ya kitenge na kilemba kilichosimama vizuri. Hiyo ni juu. Chini, ambako kamera haifiki, alikuwa na suruali ya kulalia na soksi jozi mbili.

Akampigia baba. Imezimwa.

Akampigia Esteri. Imezimwa.

Akampigia Gasper mwenyewe, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi siku hiyo hata nyumba ikiungua. Imezimwa.

Ndipo akakumbuka ungo.

Katika posa iliyopita, simu ya mjomba mmoja iliimba Bongo Fleva katikati ya maombi, tena ule wimbo wa aibu. Tangu siku hiyo baba mkubwa Reverien aliagiza kwamba katika shughuli zote za ukoo simu zikusanywe kwenye ungo, zizimwe, na ungo uwekwe juu ya kabati.

Ukoo mzima wa Mzee Ildefonsi ulikuwa juu ya kabati.

Chumbani simu yake ilikuwa inashika mtandao kwa kubahatisha. Loyce akavuta koti, akatoka nje kama alivyo, akashuka hadi ukingoni mwa mto.

Auenburg ni mji mzuri, hilo lazima lisemwe. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuupiga picha. Una daraja la mawe, nyumba zilizoegemeana kama walevi wenye heshima, na mto unaopita katikati bila kelele. Mwezi wa kwanza Loyce aliwatumia watu wote wa nyumbani picha zake. Mwezi wa pili akaacha, kwa sababu kila aliyezipokea alimuuliza jambo lilelile: mbona hazina watu?

Watu wapo. Tatizo hawapitiki. Kasulu huwezi kumpita mtu mzima kama unapita mti. Unasimama, unapiga makofi mepesi, unainama kidogo, unauliza habari zake, za watoto, za ng'ombe na za mvua. Wiki yake ya kwanza Loyce alimsimamisha mzee mmoja pale darajani, akapiga makofi, akainama. Mzee akageuka nyuma kutazama ni nani anayeshangiliwa. Alipoona hakuna mtu, akaingiza mkono mfukoni, akampa sarafu, akaendelea na safari yake.

Tangu hapo Loyce naye akajifunza kupita.

Sasa alisimama kwenye theluji, vidole vinamuuma, akipitia majina kwenye simu. Akafika kwa Arielle.

Arielle ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, fundi cherehani, ndiye aliyeshona ile blauzi ya kitenge. Siku hiyo alialikwa kuwa mpishi mkuu. Na ungo haukuwa umepita jikoni, kwa sababu wanaume wa ukoo ule hawajui jiko liko upande gani.

Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Alo?"

"Arielle! Mimi Loyce!"

"Eeeh, bibi arusi! Felisitasyo! Banakuimba huku, unasikia?"

"Arielle, sikiliza. Sijakubali."

"Nini?"

"Sijakubali! Mtandao uliganda!"

Ukasikika mwiko ukianguka.

"Mungu wangu. Lakini bote baliona umenyamaza."

"Niliongea, hamkusikia! Jembe liko wapi?"

"Ngoja nichungulie." Zikasikika hatua, kisha mlango. "Iko chini bado. Mvua ilibafukuza ku turubai, sasa bazee beko ndani ya salo, banakunywa. Papa yako iko na kibuyu. Akimaliza, njo ataliinua."

"Nipe shangazi. Kimbia, Arielle."

"Nakimbia, mama! Lakini nakwambia mbele: hii simu yangu ni ya Kichina. Kile kispika ya kusikilizia ku sikio ilikufa. Inasema tu kwa oparleri, bote banasikia."

"Hata kama. Kimbia!"

Arielle akakimbia, na simu ikakimbia naye, na Loyce akapitishwa nyumbani kwao bila kuona kitu. Alisikia mafuta yanayochemka. Alisikia mvua juu ya bati, na mtoto anayelia kwa sababu mwenzake kapewa paja. Alisikia wanawake wakiimba, na katika ule wimbo kulikuwa na jina lake, wakilivuta kama wanavyolivuta kule, Loyiiisi, kama mtu anavyoitwa kutoka ng'ambo ya bonde ili aje kula.

Akakaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa na theluji. Akakaa hivyohivyo.

"Loyce? Unalia?"

"Ni mafua," akasema Loyce.

"Haya. Huyu hapa tantine yako."

*

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Umeamkaje?"

"Salama, shangazi. Nilikuwa nataka..."

"Usingizi?"

"Mzuri. Shangazi, jembe..."

"Huko mna mvua?"

"Theluji."

"Ooh. Na wenyeji wako hawajambo?"

"Hawajambo. Shangazi, nisamehe, lile jembe..."

"Na wale ng'ombe uliotutumia picha yao?"

"Wazima," akasema Loyce kwa sauti ya mtu anayezama. "Ng'ombe wote wazima."

Msimlaumu shangazi Yusta. Nyumba ya jirani ingekuwa inachukuliwa na mafuriko, yeye angemalizia kwanza habari za watoto. Mtu anayekatisha salamu, kwa maoni yake, ndiye anayeanza kuharibika, na waliokwenda Ulaya huwa anawapima hapo.

"Haya," akasema shangazi, ameridhika. "Sasa niambie kinachokuliza siku ya furaha."

"Sikukubali, shangazi. Mtandao ulikatika. Niliomba muda, hamkunisikia."

"Muda wa nini?"

"Wa kufikiri."

"Uliondoka tangu Oktoba. Huko kichwa chako kilikuwa kinafanya nini?"

"Kinasoma."

"Gasper anakunywa?"

"Hanywi."

"Amekutukana?"

"Hapana, shangazi."

"Ana mtoto mahali?"

"Hana."

"Kwa hiyo ni mtu mzuri, na wewe unaomba muda wa kumtafutia ubaya."

Ng'ambo ya mto alipita bibi mmoja na mbwa aliyevishwa sweta. Bibi alimtazama Loyce, kilemba, suruali ya kulalia na yote, kisha akatazama upande mwingine kwa adabu ya kule kwao.

"Nikuulize kitu," akasema shangazi, na sauti yake ikashuka. "Huko una nani?"

"Nina watu, shangazi."

"Wataje."

"Shangazi..."

"Nasema wataje. Si una watu?"

Loyce akafikiri. "Kuna Bibi Hoffmann."

"Huyo ni nani?"

"Yuko maktaba."

"Ni rafiki yako?"

"Ananigongea muhuri kwenye vitabu."

"Vema. Mungu ambariki. Na mwingine?"

Loyce akatazama daraja. Akatazama bata maji, waliokuwa wamekusanyika wote mahali pamoja kwa sababu ya baridi.

"Mwingine, Loyce. Nakusikiliza."

Alitoka chumbani mbio na neno lake tayari mdomoni: sijakubali. Sasa neno lile lilikuwa limekwama, halipandi wala halishuki. Akaona jinsi lilivyo jambo jepesi. Hakuhitajika kusema kitu. Angekaa kimya hapo kwenye benchi, baba angemaliza kibuyu, jembe lingepanda juu, na kuanzia siku hiyo pangekuwa na mtu duniani ambaye kazi yake, kwa sheria kabisa, ni kumuuliza kama amelala vizuri.

"Shangazi," akaanza kusema, na hata yeye hakujua atamaliza vipi.

Hakumaliza. Kule Kasulu ikasikika purukushani.

"Nipe simu, shangazi."

"Wewe! Toka jikoni! Posa haijaisha, huruhusiwi kusema naye!"

"Kidogo tu."

"Gasper! Nitamwambia mshenga wako! Gasper, rudisha simu ya watu!"

"Mwache, tantine, mwache!" Arielle akawa anacheka. "Ni mapenzi!"

Zikasikika hatua zinazokimbia kwenye matope, kisha mtu anayehema, kisha maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Gasper alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba, akabanwa na mvua, akajibanza ukutani chini ya dirisha.

"Loyce."

"Gasper."

"Habari za huko?"

"Usianze na wewe!"

Gasper ni mtu wa kusema pole kabla hajadunga sindano, na pale alisikika kama anayetafuta mahali pa kuidunga.

"Mimi niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya wazee. Wao waliona umeinama. Mimi niliona kale kaduara kanazunguka kwenye paji la uso wako. Nikajua umeganda. Sikusema."

Loyce akasimama kutoka kwenye benchi.

"Uliwaacha wapige vigelegele?"

"Niliwaacha."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilipiga makofi."

"Gasper!"

"Najua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwaka mzima nakuuliza, unaniambia tutaongea. Nikaona watu wote wamefurahi, mama yangu analia kwa furaha, na wewe umetulia pale kama umekubali kweli. Nikasema labda hivi ndivyo itakavyokuwa. Nikafurahi sana, Loyce, kwa muda mfupi. Kisha nikaona aibu, hata chakula hakikupita. Tangu hapo nazungukazunguka jiko natafuta mwenye simu."

Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa joto, na joto lile lilimshangaza, kwa kuwa ni siku nyingi hakuwa na mtu wa karibu kiasi cha kumkasirikia.

"Jembe bado liko chini," akasema Gasper. "Wazee wamekuuliza, hawakusikia. Sasa nakuuliza mimi. Unanitaka?"

Mto ulipita. Kasulu mvua ilipiga bati.

"Gasper, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Sijaongea na mtu tangu walipofunga chuo. Leo angenipigia yeyote, akaniita kwa jina langu, ningemkubali. Hata yule mshenga wenu mwenye kikohozi. Ningemkubali na kikohozi chake. Sasa mimi nikikwambia ndiyo leo, utajuaje kama ni wewe?"

"Sitajua."

"Na mimi sitajua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana."

Gasper akavuta pumzi. "Hapana kabisa, au hapana ya leo?"

"Hapana, Gasper. Usinifanye niipime kwa rula."

Juu ya kichwa cha Gasper, dirisha likafunguka.

Ikatoka kwanza pua, kisha uso mzima wa baba mkubwa Reverien. Nyuma yake, sebuleni, walikaa wazee wa Kasulu na wazee wa Kibondo, na kati yao jembe mkekani. Simu ya Kichina ilikuwa imewahubiria kila neno kupitia mbao za dirisha. Hakuna aliyekuwa anakunywa.

Humo ndani mtu mmoja akajaribu kuzuia kikohozi, akashindwa.

"Lete hiyo simu ndani," akasema baba mkubwa Reverien.

*

"Loyce." Ilikuwa sauti ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, baba." Hakuwa amekula.

"Umesema hapana."

"Ndiyo, baba."

"Rudia mbele ya wageni. Wasije wakasema ni mtandao."

Loyce akasimama wima, ukingoni mwa mto wa watu, akainamisha kichwa ingawa safari hii hakuna aliyemwona.

"Sikubali, baba. Naomba wageni wanisamehe. Hawajanikosea kitu."

Sebule ikalipuka.

"Alinyamaza kwanza!" akalalamika mshenga. "Jibu la kwanza ndilo jibu! Tumeshapiga vigelegele, vigelegele havirudishwi!"

"Aliganda!" akapaza sauti Esteri kutoka mlangoni. "Siku zote nawaambia, kale kaduara kakiwa kanazunguka maana yake ameganda!"

"Nani amekwambia uongee?"

"Hakuna, baba mkubwa."

"Basi ngoja uambiwe."

Baba mkubwa Reverien akasafisha koo. Wote wakajua kwamba sheria inakuja, na ikija huja imesimama.

"Ukoo huu una utaratibu," akasema. "Mwanamke akinyamaza, kisha akakataa, washenga hawabebi jembe kurudi nalo. Analiinua yeye mwenyewe aliyekataa, kwa mikono yake, anamrudishia mwenye posa. Mama yetu mzazi alirudisha moja. Alitembea nalo hadi Manyovu, peke yake, na hakuna aliyemcheka. Jembe litabaki hapo lilipo. Mvua zikikatika kabla hajalirudisha, baba ataliinua, na hapo hakuna wa kupiga simu."

"Mvua zinakatika Mei," akasema Loyce. "Mitihani yangu ni Julai. Nikiondoka katikati nafasi yangu inafutwa, baba mkubwa, sirudishwi tena."

"Ukoo haujui Julai."

"Baba?"

Mzee Ildefonsi alipojibu, alikuwa amegeuka kidogo kutoka kwa wageni, kwa maana sauti yake ilisikika kwa karibu zaidi.

"Utaratibu ndio huo, mwanangu. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba msichana akasome mbali. Nikiuvunja na huu, hakuna binti mwingine wa ukoo atakayeruhusiwa kwenda hata Kigoma. Unaweza kuja?"

"Siwezi, baba."

"Basi sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza Loyce kumsikia baba yake akisema hajui. Akatazama mto. Akaona miezi yote iliyobaki ikija kama yale maji, kimya, na mwisho wake jembe likipanda juu mikononi mwa baba anayempenda, ambaye hataki kuliinua.

"Naomba kuuliza," akasema Gasper.

"Wewe tena!" akafoka mshenga wake.

"Baba mkubwa, utaratibu unasema jembe lirudishwe Kibondo?"

"Unasema lirudishwe kwa mwenye posa."

"Mkononi mwake?"

"Mkononi mwake."

"Popote alipo?"

Baba mkubwa Reverien akasita. Kukubali kwamba hajui kipengele cha utaratibu lilikuwa jambo ambalo hangeweza kulifanya akiwa hai. "Popote alipo," akasema hatimaye. "Hata mama hakumkuta yule bwana nyumbani. Alimkuta sokoni, anauza mbuzi. Akampa palepale."

"Basi nitakuwa alipo Loyce," akasema Gasper. "Nitalipeleka. Alishike mwenyewe, anirudishie, mimi nirudi nalo. Na asiponirudishia, mtasikia."

Mshenga akapaliwa, akakohoa.

"Ulaya?" akauliza mzee mmoja wa Kibondo. "Na jembe? Ndani ya ndege?"

"Bila mpini," akasema Gasper.

"Mtoto huyu amechanganyikiwa! Utakwenda na nini?"

"Pikipiki yangu ina mnunuzi."

"Gasper, usije," akasema Loyce haraka. "Hujui huku kulivyo. Ni baridi. Hakuna kitu. Hakuna mtu wa..."

"Loyce, nikija nitakuta una koti la kuniazima?"

Alifungua mdomo kumjibu, na ndipo salio lilipokwisha. Sauti ya mwanamke wa Kijerumani, safi kama sahani iliyooshwa, ikamweleza jambo ambalo alikuwa ameshalijua.

*

Alirudi bwenini amelowa. Alipita kwenye korido, milango yote imefungwa, akaingia katika jiko la ghorofa yao, lile ambalo kila mwanafunzi ana kabati lake dogo lenye namba ya chumba.

Alikuwa na njaa. Ilimshangaza, maana tangu chuo kifungwe alikuwa anakula kwa kukumbuka tu. Akabandika maji. Akafungua kabati lake ili atoe vyombo.

Sahani moja. Kijiko kimoja. Kikombe kimoja.

Alikuwa ameishi hivyo tangu Oktoba bila kuona kasoro. Akakitoa kile kikombe, akakiweka mezani, akavuta kiti, akakitazama hadi maji yakachemka na jiko likajizima lenyewe.

Atakuja, akawaza. Mpumbavu yule atakuja kweli, na chuma chake kwenye begi, na watu wa uwanja wa ndege watamuuliza ni silaha ya aina gani. Atashuka stesheni pale chini, atamkuta mtu, atapiga makofi, atainama, na atapewa sarafu.

Akacheka. Kicheko kilitoka kwa nguvu, peke yake, katika jiko la watu ishirini wasiokuwepo, na kilipokwisha alijikuta anafuta macho kwa pembe ya kilemba.

Lakini jambo moja halikumfurahisha. Dakika chache tu zilizopita alikuwa amesema hapana, mara mbili, mbele ya wazee, na aliimaanisha. Sasa alivaa suruali ya maana, akachukua pochi, akafunga mlango, na akaanza kutembea upesi kuelekea darajani kabla maduka hayajafungwa.

Ni kikombe cha mgeni tu, alijiambia. Mtu huwezi kumrudishia jembe lake bila hata kumpa chai.

Muuza vyombo wa Auenburg, bibi mwenye miwani shingoni, alimuuliza anataka vikombe vingapi.

Loyce akafungua mdomo.